Shamba Hufuata Maji: Hekima ya Falaji na Amana ya Maji katika Nchi Kavu

Muhadhara wa mwezi wa Ramadhani uliotolewa mjini Maskati baada ya sala ya Tarawehe, na kuandikwa kutoka katika sauti iliyorekodiwa kwa faida ya wanajumuiya ambao hawakuwahi kuhudhuria.

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa njema zote zinamstahikia Mwenyezi Mungu, ambaye kwa rehema Yake mvua hunyesha na ardhi iliyokuwa mfu ikahuika. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake, masahaba zake na kila aliyefuata mwendo wao.



Kila jioni ya mwezi huu, inapoadhiniwa Magharibi, mikono yetu huelekea kwenye vitu viwili: tende na maji. Tumeizoea sunna hii tangu utotoni, na huenda mazoea hayo yakatusahaulisha kwamba vitu hivi viwili asili yake ni moja. Katika nchi hii tunayoishi, tende haipatikani kwa mvua. Kila tende iliyomo katika sahani zetu ni maji ambayo mtu aliyatafuta, akayaongoza, akayapimia na akampa mtende haki yake.

Usiku wa leo, kwa tawfiki ya Mwenyezi Mungu, tumekusudia kulizungumzia jambo hilo. Vipi watu wa nchi isiyokuwa na mto hata mmoja mkubwa unaotiririka mwaka mzima waliweza kulima kwa karne nyingi? Na kwa nini, katika umri wa mtu mmoja tu, mashamba mengi ya pwani yameingia chumvi, hata mitende ikafa imesimama? Jibu letu ni fupi, na yote yatakayofuata ni ufafanuzi wake: wazee wa nchi hii waliyapima maji kwanza, kisha wakalikata shamba kwa kadiri ya maji hayo. Shamba hufuata maji. Siku tulipoanza kuyataka maji yalifuate shamba, ndipo hasara ilipoanza.

Nchi na mvua yake

Wengi katika sisi asili zetu za karibu ni Unguja na Pemba, Mombasa na mwambao wake. Huko tulirithi kalenda ya masika na vuli. Unguja hupata zaidi ya milimita 1,500 za mvua kwa mwaka, na mkarafuu hukua bila ya mtu kuuchotea ndoo moja ya maji baada ya miaka yake ya mwanzo. Mkulima wa huko huomba mvua isichelewe na isizidi. Hapa Oman wastani wa mvua ni kiasi cha milimita 100 kwa mwaka, na hata hizo haziji kwa ahadi. Hupita miaka miwili au mitatu ya ukame, kisha katika siku moja likashuka gharika linalojaza mabonde na kuchukua barabara, kama tulivyoona mwaka 2007 katika kimbunga cha Gonu, na mwaka 2021 katika kimbunga cha Shaheen kilichoipiga pwani ya Batinah.

Basi maji ya nchi hii hayako mbinguni kwa mwaka mzima, wala hayako juu ya ardhi. Yako chini. Mvua inayonyesha juu ya milima ya Hajar hupenya katika nyufa za mawe na katika kokoto za mabonde, ikahifadhiwa huko. Ni akiba. Na mwenye akiba, kama ajuavyo kila mfanyabiashara aliyeketi hapa, ana mambo mawili: mtaji na faida. Mvua ya kila mwaka inayoingia ardhini ndiyo faida. Maji yaliyokusanyika chini kwa mamia na pengine maelfu ya miaka ndiyo mtaji. Anayekula faida atadumu. Anayekula mtaji ataonekana tajiri kwa muda, kisha duka litafungwa.

Falaji na maana ya jina lake

Wazee wa Oman walikijenga chombo ambacho kwa maumbile yake hakimruhusu mtu kula mtaji. Chombo hicho ni falaji. Jina hili la Kiarabu limetokana na neno lenye maana ya kupasua na kugawa kwa mafungu. Tuzingatie hapo, ndugu zetu: chombo hakikupewa jina kwa kutiririka kwake wala kwa kuchimbwa kwake. Kimepewa jina kwa kugawa.

Falaji ziko za aina tatu. Ya kwanza huitwa Daudi, nayo ni handaki refu lililochimbwa chini ya ardhi. Wachimbaji huanza kwa kisima kilichoko karibu na mlima, kinachoitwa mama wa falaji, wakayafikia maji. Kisha hulichimba handaki lenye mteremko mdogo sana, mdogo kuliko mteremko wa ardhi iliyo juu yake, hata maji yakatokeza yenyewe juu ya ardhi baada ya masafa ambayo huenda yakafika kilomita kadhaa. Kila baada ya hatua chache huchimbwa shimo la kushukia, kwa ajili ya hewa, kwa ajili ya kutolea udongo na kwa ajili ya usafishaji wa baadaye. Watu husimulia kwamba Nabii Sulaiman bin Daud, amani iwe juu yake, alipita Oman na kuwaamrisha majini wachimbe falaji 10,000 kwa siku 10, na ndiyo asili ya jina hilo. Hiyo ni hadithi ya wazee. Tunachokishuhudia kwa macho ni alama za sururu katika mawe, na hizo ni za binadamu.

Aina ya pili ni Ghaili, ambayo huyachukua maji ya juu juu katika bonde, na hii hupungua upesi ukame unapozidi. Aina ya tatu ni Aini, inayotoka katika chemchemi. Katika hesabu iliyofanywa na serikali miaka ya 1990, zilihesabiwa falaji 4,112, na kati yake 3,017 zilikuwa hai. Mwaka 2006 shirika la UNESCO liliziingiza tano katika Urithi wa Dunia: Daris ya Nizwa, Al-Malki ya Izki, Al-Khatmeen ya Birkat al-Mouz, Al-Muyassar ya Rustaq na Al-Jeela iliyo upande wa Sur. Atakayekwenda Birkat al-Mouz ataona maji ya Al-Khatmeen yakigawanyika katika mifereji mitatu iliyo sawa, bila ya mashine, bila ya mlinzi, kwa ufundi wa jiwe peke yake.

Historia hii haiko mbali na yetu. Imamu Sayf bin Sultan wa ukoo wa Ya'rubi, ambaye katika zama zake Ngome ya Mombasa ilitekwa kutoka kwa Wareno mwaka 1698, anatajwa na wanahistoria wa Oman kwamba alichimba na kufufua falaji 17, na kupanda mitende kwa maelfu. Watu wanamkumbuka kwa lakabu yake ya Qayd al-Ardh, na nguvu ya dola yake ilikuwa na mizizi katika mashamba kabla ya kuwa na matanga baharini.

Tuelewe sasa siri ya chombo hiki. Falaji haivuti maji. Hutoa yale tu ambayo ardhi imeyaachia kwa mteremko. Mvua ikiwa nyingi, falaji hujaa. Ukame ukija, falaji hupungua. Hakuna mtu katika kijiji, awe tajiri au sheikh wa kabila, anayeweza kuamka asubuhi akaiamuru itoe zaidi. Mpaka wa matumizi umewekwa na Muumba, na watu kazi yao ni kugawana kilichoruzukiwa.

Namna ya kugawa

Maji yanapotokeza juu ya ardhi, mahali pa kwanza panaitwa sharia, yaani pahala pa kuchotea. Hapo ni maji ya kunywa, na kila mtu ana haki, mwenye shamba na asiye na shamba, mwenyeji na mpita njia. Hayauzwi. Baada ya hapo maji hupita msikitini kwa ajili ya udhu, kisha mahali pa kuogea wanaume na mahali pa kuogea wanawake, na mahali pa kuoshea maiti. Yakishatimiza haki hizo za watu wote, ndipo yanapoingia katika haki za watu binafsi, yaani mashamba. Na katika mashamba pia kuna mpango: mitende na miti ya kudumu hutangulia, na mazao ya msimu kama ngano, vitunguu na majani ya mifugo huja nyuma.

Tazameni faida ya mpango huo wakati wa shida. Falaji inapopungua, watu hawachimbi zaidi. Wanaacha kulima vitalu vya msimu. Eneo la kijani linajikunja mwaka huo, mitende inabaki hai, na mvua ikirudi vitalu hufunguliwa tena. Mtende huchukua miaka mingi kulelewa. Kitunguu hupandwa upya mwaka ujao. Ndiyo maana tukasema kwamba shamba hufuata maji.

Kisha ipo hekima ya kipimo. Fungu la mtu katika falaji halihesabiwi kwa lita, bali kwa muda. Kipimo kinachojulikana zaidi ni athar, nayo ni kiasi cha nusu saa. Athar 24 hufanya bada moja, yaani nusu ya siku yenye saa 24. Mchana muda ulipimwa kwa kivuli cha mti uliosimikwa, na usiku kwa kuchomoza kwa nyota walizozijua kwa majina. Siku hizi wengi hutumia saa za mkononi. Zamu huzunguka kijijini kwa siku saba, kumi au zaidi, kisha hurudi kwa mwenyewe.

Kwa nini muda na si lita? Tuchukue mfano. Falaji ikitoa lita 20 kwa sekunde, mwenye athar moja atapata lita 36,000. Ukame ukiipunguza hadi lita 10 kwa sekunde, athar ile ile itampa lita 18,000. Na jirani yake mwenye athar kumi naye atapungukiwa kwa nusu vile vile. Hakuna aliyeahidiwa kiasi ambacho ardhi haina, na hakuna anayebebeshwa ukame peke yake. Neema na dhiki zote mbili zinagawika kwa kipimo kimoja. Wahandisi wa leo huandika vitabu vizima kuitafuta kanuni kama hiyo.

Mambo haya hayakwenda yenyewe. Falaji ina wakili anayeisimamia, ina arifu anayepanga zamu na kuamua ugomvi, ina mtunza daftari, na iko mikono ya mabidari, wale wafanyakazi wanaofungua na kuziba mifereji saa za usiku sisi tukiwa tumelala. Falaji yenyewe humiliki baadhi ya athar zake. Hizo hunadiwa, na fedha zake hulipia usafishaji na matengenezo. Kwa hiyo ni taasisi inayojilisha kwa kitu inachokigawa.

Pampu, bahari na chumvi

Tugeuke sasa upande wa pwani. Uwanda wa Batinah, kutoka karibu na Maskati kuelekea kaskazini, ndio wenye sehemu kubwa ya mashamba ya Oman. Huko kilimo kilitegemea visima. Zamani maji yalivutwa kwa zijra: ng'ombe huteremka katika njia ya mteremko akivuta kamba, na ndoo ya ngozi hupanda kwa mlio wa gurudumu la mti. Ng'ombe alikuwa na rehema moja ambayo mashine haina: alichoka. Alipochoka, kisima kilipumzika.

Ilipoingia mashine ya dizeli, na hasa kuanzia miaka ya 1970, kisima hakikupumzika tena. Mashamba yaliongezeka, majani ya mifugo yalipandwa katika jua la kiangazi, na kila mwenye shamba alichimba chake. Hapana mtu mmoja aliyekusudia kuharibu. Kila mmoja alichota kidogo, na wahenga walikwishasema: chovya chovya humaliza buyu la asali.

Katika pwani, buyu hili lina hatari ya ziada. Chini ya ardhi, maji matamu huelea juu ya maji ya bahari kwa kuwa ni mepesi zaidi. Wataalamu wana kanuni mashuhuri: kwa kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna takriban mita 40 za maji matamu chini ya usawa huo. Maana yake ni kwamba ukiyashusha maji ya kisima kwa mita moja, bahari hupata ruhusa ya kupanda mita 40 kutoka chini. Mkulima aonaye kamba yake imeongezeka urefu kidogo tu hajui kwamba bahari imekwishaanza safari ya kuja shambani kwake. Na ikishafika, kuirudisha ni kazi ya miaka mingi.

Chumvi ina mlango wa pili, nao ni umwagiliaji wenyewe. Maji ya kisima, hata yakionekana matamu, yana chumvi iliyoyeyuka. Tukisema lita moja ina gramu moja tu, basi shamba la hekta moja likimwagiliwa kwa mwaka kina cha mita moja hupokea mita za ujazo 10,000, na pamoja nazo tani 10 za chumvi. Mmea hunywa maji na kuiacha chumvi. Jua huyachukua maji na kuiacha chumvi. Ikiwa hakuna mvua au maji ya ziada ya kuiosha ishuke chini ya mizizi, na njia ya kuitoa, itakusanyika mwaka hadi mwaka. Mtende ni mstahamilivu kuliko miti mingi, na hutangulia kufa mlimau na muembe. Lakini mtende nao una kikomo chake.

Tiba na mpaka wake

Hatua zimechukuliwa, na insafu inatutaka tuzitaje. Mwaka 1988 ilitolewa amri ya Sultani kwamba akiba ya maji ya nchi ni mali ya taifa. Kuchimba kisima kukahitaji kibali, na kandokando ya falaji kukawekewa himaya. Mwaka 1985 lilijengwa bwawa la Al-Khoud, hapa karibu yetu, ambalo kazi yake si kuhifadhi maji yaonekane. Hulizuia gharika, likayatuliza matope, kisha maji huachiwa polepole yapenye ardhini badala ya kukimbilia baharini. Maji yaliyotumika mijini husafishwa yakanywesha miti ya barabarani. Na maji ya majumbani mwetu Maskati, tangu kilipofunguliwa kiwanda cha Ghubrah mwaka 1976, kwa sehemu kubwa hutolewa baharini na kuondolewa chumvi kwa gharama ya nishati. Lakini kilimo ndicho kinachochukua zaidi ya asilimia 80 ya maji yote ya nchi, na haifai kifedha kuyasafisha maji ya bahari kwa ajili ya majani ya ng'ombe.

Wengi hutegemea umwagiliaji wa matone, ambapo mpira wenye matundu madogo humpa kila mmea maji yake kwenye shina. Ni ufundi mzuri. Huokoa maji yanayopotea kwa jua na katika mifereji ya mchanga. Lakini tusiufanye kuwa hirizi. Mwenye shamba akiokoa theluthi ya maji yake kwa matone, kisha akatumia theluthi ile ile kufungua shamba jipya pembeni, kisima hakikupumzika hata kidogo. Huenda hali ikawa mbaya zaidi, kwa sababu yale maji yaliyokuwa yakizidi shambani na kurudi ardhini sasa hayarudi. Na matone peke yake hayaoshi chumvi. Hapana budi mara kwa mara shamba lipewe maji mengi ya kuishusha. Ufundi hupunguza haja. Mpaka huwekwa na hukumu na makubaliano ya watu.

Dini yetu na zamu ya maji

Jambo la mpaka na zamu si geni katika dini yetu. Tunakijua kisa cha Nabii Saleh, amani iwe juu yake, na ngamia wa watu wa Thamudi. Mtihani waliopewa watu wale ulikuwa ni wa zamu ya maji: siku ya ngamia kunywa, na siku yao wao. Walikuwa na maji ya kuwatosha. Walichoshindwa ni kuvumilia kwamba mwingine naye ana siku yake.

Katika Madina, Mtume (S.A.W.) alihukumu juu ya maji ya bonde la Mahzur kwamba aliye juu ayazuie mpaka yafike kwenye vifundo vya miguu, kisha amwachie aliye chini yake. Aliye juu ana haki ya kutangulia, lakini haki hiyo ina kina kinachopimika, na haikuachiwa tamaa yake. Na Seyyidna Uthman, Mwenyezi Mungu amridhie, alipokinunua kisima cha Ruma kwa mali yake, alikifanya cha Waislamu wote.

Hata katika zaka ya mazao hesabu ya maji imo. Yaliyonyweshwa na mvua au chemchemi hutolewa sehemu moja ya kumi. Yaliyonyweshwa kwa taabu ya kuvuta, nusu yake. Sharia inamjua mkulima aliyegharimika kwa maji na inampunguzia. Basi maji yanayohesabiwa katika zaka hayawezi kuwa kitu kisicho na hesabu siku nyingine.

Na tusisahau kwamba Mtume (S.A.W.) alikuwa akitia udhu kwa mudi moja, ujazo wa viganja viwili, pungufu ya lita moja. Sisi tuliolelewa Unguja huliita bomba la maji mfereji, na mfereji wa leo ukitoa lita sita kwa dakika, udhu wa dakika tatu humwaga lita 18. Hesabu hii kila mmoja ataifanya nyumbani kwake.

Amana iliyo mikononi mwetu

Ndugu zetu, tumeeleza haya kwa sababu yanatuhusu kwa karibu kuliko inavyodhaniwa. Wengi waliomo humu wana athar katika falaji za Dakhiliya na Sharqiya, walizorithi kutoka kwa babu ambao huenda hawakuwahi kuwaona. Kila kizazi fungu hugawanyika. Athar moja inakuwa ya warithi kumi na watano, mmoja yuko Maskati, mwingine Dubai, mwingine London, na mwingine hajui kwamba anayo. Falaji inapoporomoka handaki, wakili hupiga simu kutafuta mchango, na simu haijibiwi. Falaji zaidi ya elfu moja zilizohesabiwa kuwa mfu hazikufa zote kwa ukame. Zipo zilizonyang'anywa maji na visima vilivyochimbwa juu yake, na zipo zilizokosa watu wa kuzisafisha. Handaki halina subira. Matope hayasubiri warithi wapatane.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo manne, na tunaiomba jumuiya iyasimamie.

Kwanza, kila familia yenye fungu la falaji iandike ni falaji gani, athar ngapi, na warithi ni akina nani, kisha imteue mmoja wao awe msemaji mbele ya wakili. Wazee wanaozikumbuka hesabu hizi tuwaulize mwezi huu huu, tukiwa tumekusanyika kwa futari.

Pili, fungu ambalo familia haina shamba la kulinyweshea lisiachwe. Linaweza kukodishwa, na linaweza kuwekwa waqfu. Oman ina desturi kongwe ya waqfu za mitende na maji kwa ajili ya misikiti, madrasa na futari ya wanaofunga. Katika vijiji vingi mtu hufuturu leo kwa tende za mtende uliowekwa waqfu na mtu asiyejulikana tena jina, ukinyweshwa kwa maji ya waqfu. Hiyo ndiyo sadaka inayoendelea kwa maana yake kamili.

Tatu, wenye mashamba ya Batinah wayapime maji yao chumvi kila msimu, wafunge mita kwenye pampu, wanyweshe usiku au alfajiri, na wapunguze majani ya kiangazi. Na zaidi ya yote, majirani wapatane. Mwenye kisima kimoja akijizuia peke yake, jirani humalizia alichokiacha. Wakijizuia wote, bahari hurudi nyuma. Wazee wa falaji waligawana maji wanayoyaona. Sisi tunatakiwa tugawane maji tusiyoyaona, na kwa hakika hilo ni gumu zaidi, linalohitaji arifu wake na daftari lake.

Nne, vijana wetu wanaosoma uhandisi, kilimo na sheria walione jambo hili kuwa ni la kwao. Falaji inahitaji mtu wa kuipima kwa vyombo vya kisasa na kuelewa kwa nini babu zake waliipanga hivyo. Tuwapeleke wakaione sharia ya kijiji, wauguse mfereji, waongee na bidari kabla elimu yake haijaondoka naye.

Ramadhani hutufunza kwamba mtu anaweza kuwa na maji mbele yake na asiyanywe, kwa sababu wakati wake haujafika. Hiyo ndiyo nidhamu ya falaji tangu zamani: maji yanapita mbele ya shamba lako, unayasikia, na huyagusi, kwa sababu ni zamu ya jirani. Aliyeweza kujizuia kuanzia alfajiri hadi Magharibi anaweza, kwa idhini ya Mola wake, kuifunga pampu yake.

Tunamwomba Mwenyezi Mungu azipokee funga zetu na visimamo vyetu, aizidishie nchi hii mvua za manufaa zisizo na madhara, awarehemu waliotuchimbia kwa mikono yao na kutuachia maji yanayotembea baada yao, na atujaalie tuwe wapokezi waaminifu wa amana hiyo. Amin.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.